Gari la jeneza: tununue la umeme sasa, au tungoje?

Kwa muda wa miezi saba kamati ya msikiti wetu hapa Tarime imekuwa na ajenda moja iliyokataa kufungwa. Fedha za kununulia gari la kubebea maiti zimepatikana, kwa uwezo wa Allah, kutokana na michango ya Ijumaa na jasho la kikundi cha kina mama. Kilichobaki ni jambo ambalo wazee waliotutangulia katika kamati hawakupata kuliwaza: je, gari hilo liwe la mafuta, kama yote tuliyoyazoea, au liwe la umeme? Na kama ni la umeme, wakati wake umefika, au ungojewe?

Tumeona tuliandike hapa kwa kuwa kamati nyingine za mikoani zitalikuta swali hili mlangoni kwao muda si mrefu. Wala si kamati peke yake. Akina baba wa familia wanatusimamisha baada ya swala, simu mkononi, wakituonesha picha za magari madogo ya umeme yaliyotumika Japani, ambayo bei zake zinavutia macho.

Tuanze na fedha, maana ndizo zinazotufunga mikono. Waliochanga hawakuchangia "usafiri wa msikiti" kwa ujumla. Katika daftari la michango, lililofunguliwa mwezi wa Shaaban mwaka juzi, kila ukurasa una kichwa kimoja: gari la jeneza. Mafakihi wametufundisha kwamba sharti la mtoaji, maadamu halipingani na sheria, hufuatwa kama alivyoliweka, na kwamba msimamizi wa wakfu si mwenye mali. Kwa hiyo zile shilingi 19,600,000 zilizopo si zetu kuzifanyia majaribio, hata kama majaribio yenyewe ni mazuri na yanasifiwa duniani kote. Mhazini wetu, ambaye ni mtu wa maneno machache, alilisema hilo katika kikao cha kwanza kisha akanyamaza vikao viwili.

Inafaa pia msomaji wa Tanga au Ujiji, ambako msikiti na makaburi huenda vinaonana, aelewe hali ya huku. Katika wilaya za Tarime na Serengeti Waislamu ni wachache na wametawanyika. Wapo Tarime mjini, wapo Sirari mpakani, wapo Nyamongo walikofuata kazi za mgodi na biashara zinazouzunguka, wapo Mugumu na Natta, na katikati ya hapo zipo familia moja moja vijijini. Mtu akifariki katika vijiji hivyo, aghalabu hakuna karibu naye wa kumwosha wala makaburi ya Waislamu. Wapo vilevile wanaofia hospitalini Musoma au Mwanza, na jamaa zao wakataka wazikwe nyumbani. Huku kwetu maiti husafiri, na husafiri kwa gari la kukodi.

Mwaka jana, wakati wa masika, alifariki mama mmoja kijana katika kijiji kisicho mbali na Mto Mara, akaacha mtoto wa miezi minne. Ilikuwa baada ya Adhuhuri. Mumewe alitupigia simu, nasi tukaanza kutafuta gari. Mwenye gari wa kwanza alikataa alipojua kitakachobebwa ni maiti. Wa pili alikubali kwa shilingi 180,000, kisha alipoyaona mawingu akataka 300,000. Hadi tulipochangishana na kumridhisha, giza lilikuwa limeingia, naye akasema haendi usiku. Tulimzika yule mama siku ya pili yake, karibu na Alasiri, saa ishirini na sita baada ya roho kutoka, hali sheria inatuhimiza kumharakisha maiti. Usiku ule wote mume alikesha peke yake kando ya jeneza, na mtoto alilishwa na jirani, mama wa Kisabato, ambaye hakuulizwa wala hakuombwa. Katika mjadala wote uliofuata, kila mmoja wetu alikuwa akiufikiria usiku ule, ingawa si kila mmoja aliutaja.

Sasa hoja ya umeme. Iliwasilishwa na vijana wa kamati, wakiongozwa na ustadhi mmoja wa madrasa ambaye pia ni fundi wa nyaya za majumbani. Baadhi ya wazee walimkatiza wakisema hayo ni mambo ya Wazungu na ya matajiri wa Dar es Salaam. Kwa heshima zote tunazowawekea wazee wetu, hilo si kweli, na ukweli wake ungeweza kuonekana bila kwenda mbali. Mwaka 2018 kampuni ya utalii ya Mount Kilimanjaro Safari Club iliingiza Serengeti gari la kutalii linaloendeshwa kwa umeme mtupu. Ng'ambo ya mpaka, jijini Nairobi, kampuni ya Opibus iliyoanzishwa 2017, ambayo siku hizi huitwa Roam, imekuwa iking'oa injini katika magari ya Land Cruiser na kuweka mota na betri mahali pake, na ndani ya Maasai Mara ipo kambi inayowatembeza wageni kwa magari ya namna hiyo. Kwa maneno mengine, gari la umeme lilikwisha fika ujirani wetu kabla sisi hatujaanza kubishana juu yake. Sisi tunaoishi pembezoni mwa hifadhi tumezoea: neema hupita barabarani, kwetu likabaki vumbi.

Ustadhi aliendelea. Kampala, wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Makerere walilitembeza gari lao la umeme, Kiira EV, tangu 2011. Nairobi, mabasi ya umeme ya BasiGo yalianza kubeba abiria 2022. Ethiopia, Januari 2024, ilitangaza kuzuia uingizaji wa magari binafsi ya petroli na dizeli. Na hapa nyumbani, bwawa lililopewa jina la mwana wa mkoa wetu, Mwalimu Julius Nyerere, limekamilishiwa mitambo yake tisa yenye uwezo wa megawati 2,115. Umeme upo, alisema, na sehemu kubwa ni wa maji na gesi ya nchini mwetu, ilhali kila lita ya mafuta inayochomwa Tarime imevuka bahari na kisha ikavuka nchi nzima juu ya lori. Tena dunia ni amana tuliyopewa, na moshi ni katika uharibifu.

Hoja hizi hatukuzipuuza. Tulimwomba ustadhi atuletee hesabu, naye alizileta zimeandikwa vizuri kwenye karatasi ya hesabu za madrasa. Tunazieleza kwa kirefu kwa sababu familia yoyote inaweza kuzirudia mezani kwake.

Betri ya gari hupimwa kwa kilowati-saa, na kilowati-saa moja ndiyo ile ile uniti moja ya Luku tunayoinunua kila siku. Gari dogo la mizigo la umeme, la aina ya Nissan e-NV200 ambalo ndilo angalau jeneza lingeweza kuingia, hula takribani uniti 23 kwa kilomita 100, ukijumlisha na zinazopotea wakati wa kuchaji. Kwa matumizi ya kawaida uniti moja, pamoja na kodi na tozo zake, inakaribia shilingi 357. Ndiyo maana shilingi 10,000 hutupatia uniti 28. Hivyo kilomita 100 za umeme ni shilingi 8,200 hivi. Hiace ya mafuta hunywa takribani lita 10 kwa mwendo huo, na tukichukua shilingi 3,000 kwa lita ili kurahisisha hesabu, tunapata 30,000. Tofauti ni karibu shilingi 22,000 kwa kila kilomita 100. Na anayekumbuka Agosti 2022, petroli ilipovuka shilingi 3,400 kwa lita Dar es Salaam kwenyewe, anajua tofauti hiyo inaweza kupanuka kwa usiku mmoja.

Wajumbe kadhaa waliiona karatasi ile na kudhani mjadala umekwisha. Hapo ndipo mhazini alipofungua kinywa. Aliuliza: gari la jeneza huenda kilomita ngapi kwa mwezi? Tulikokotoa kwa kufuata safari tulizokodi mwaka mzima, tukapata kama 600. Basi akiba ni shilingi 132,000 kwa mwezi, yaani zaidi kidogo ya milioni moja na nusu kwa mwaka. Wakala tuliyemuuliza alitukadiria shilingi milioni 34 kwa e-NV200 yenye betri kubwa, hadi ifike na kodi zote zilipwe. Sisi tulikuwa na milioni 19 na ushei. Pengo la milioni 14 kwa akiba ya milioni moja na nusu kwa mwaka ni zaidi ya miaka tisa kabla gari halijairudisha tofauti yake, na katika miaka tisa betri iliyonunuliwa ikiwa imetumika itakuwa imechoka sana.

Hapa pana jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Umeme humlipa anayetembea sana. Basi linalokwenda kilomita 200 kwa siku huokoa kwa siku moja zaidi ya shilingi 40,000, na dereva wa bodaboda anayezunguka kutwa nzima naye ana faida ya wazi. Lakini baba anayelitoa gari Ijumaa kwenda msikitini na Jumamosi kwenda sokoni atangoja miaka mingi sana kuona akiba hiyo, hata kama kila kilomita yake ni rahisi.

Baada ya fedha tulilitazama jambo la kuchaji, na hapa muadhini ndiye aliyetusaidia. Soketi ya kawaida ya nyumbani, kwa ampea 10, hutoa kama kilowati 2.3. Kuanzia Isha ya saa mbili usiku hadi adhana ya Alfajiri ni saa tisa na nusu, yaani uniti 22. Betri ya uniti 24, ile ya toleo la kwanza la mwaka 2014, inakaribia kujaa usiku mmoja. Betri ya uniti 40, iliyokuja 2018, inataka karibu usiku mara mbili, au waya mnene zaidi wenye swichi yake peke yake. Hilo si gumu. Gumu ni kwamba umeme hukatika, na muadhini analijua hilo kuliko wote kwa kuwa kipaza sauti humfia mdomoni. Tulimpa daftari aandike kwa miezi mitatu. Mkatiko mrefu kuliko yote ulianza baada ya Isha ukadumu hadi karibu na Adhuhuri ya siku ya pili. Bwawa kubwa liko Rufiji, nasi tuko upande wa pili wa nchi. Serikali yenyewe ilieleza Machi 2025, ilipotangaza nia ya kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, kwamba umeme hupotea njiani kwa urefu wa nyaya. Kuzalisha ni jambo moja, na kuufikisha ukatulia ni jingine.

Kisha umbali. Kutoka Tarime hadi Mugumu ni takribani kilomita 87, kwa barabara ambayo lami yake inajengwa kwa vipande. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, na gari la umeme lina tabia njema ya kurudisha chaji kidogo betrini linaposhuka mlima, lakini hiyo hiyo huilipa wakati wa kupanda, na kwa riba, kama alivyotania mwenyekiti. Betri ndogo iliyochoka ingetufikisha Mugumu kwa dua. Kurudi ni suala jingine. Na Mwanza, ambako maiti zetu wengi hutoka, haifikiki kabisa bila kusimama njiani kwa saa nyingi mahali pa kuchajia ambapo hatupajui.

Ustadhi alijibu kwa swali zuri sana: iweje basi magari ya watalii yanaweza porini, ambako hata nguzo ya umeme hakuna? Swali hili ndilo lililotufungua macho, na tunamshukuru. Gari la mtalii linaweza kwa sababu safari yake inajulikana. Litatoka kambini asubuhi, litakwenda polepole likisimama kwa kila simba, litarudi kambini jioni, na paneli za sola zinalingoja. Kesho yake litafanya vivyo hivyo. Basi la Nairobi lina njia moja na kituo kimoja cha kulala. Kila mahali ambapo chombo cha umeme kimefanikiwa katika nchi hizi za kwetu, mwenye nacho alijua jana atakwenda wapi leo. Gari la jeneza ni kinyume cha hayo yote. Simu inaweza kuja saa nane usiku kutoka Sirari, na kabla halijarudi ikaja nyingine kutoka Natta. Hakuna nafsi inayojua itafia ardhi gani, na kamati haijui pia. Chombo kinachotaka kupangiwa kimekutana na safari isiyokubali kupangwa.

Tunataka tukae kidogo hapa kwa ajili ya familia, kwa sababu kipimo hiki kinawafaa pia. Mwumini mmoja anayefanya kazi mgodini alituletea picha ya Nissan Leaf ya miaka ya mwanzo, akauliza kama aagize. Gari hilo lilianza kuuzwa Desemba 2010, likiwa na betri ya uniti 24, na likiwa jipya lilikuwa likienda kati ya kilomita 115 na 135 kwa chaji moja. Betri yake haina mfumo wa kuipoza, hivyo joto huizeesha. Lakini lina uaminifu mmoja: kwenye dashibodi kuna mistari midogo 12 inayoonesha uzima wa betri, na inavyozeeka mistari hupungua. Ikibaki minane, betri imebakiwa na kama theluthi mbili ya uwezo wake. Tulimwambia amwombe muuzaji picha ya dashibodi, gari likiwa limewashwa. Muuzaji alituma picha za viti, za matairi, za rangi, na za redio.

Sheria yetu imelikataza biashara la gharar, ambalo mnunuzi halijui lile hasa analolinunua, na imempa mnunuzi haki ya kurudisha bidhaa ikidhihiri kasoro iliyofichwa. Haki hiyo ni nzuri sokoni Tarime. Lakini gari lililovuka bahari, likalipiwa kodi, pamoja na ule ushuru wa uchakavu wanaotozwa wenye magari yaliyozidi miaka minane, utalirudisha kwa nani? Katika gari la mafuta mnunuzi husikiliza injini, huangalia moshi, humwita fundi. Katika gari la umeme lililotumika sehemu kubwa ya thamani yake imo ndani ya betri, nayo iko kimya. Asiyeonesha uzima wa betri auze kwa wengine. Ndivyo tulivyomshauri ndugu yule, naye akaacha, ingawa hakufurahi.

Alituuliza tena kama anaweza kukopa. Mkopo wa riba jibu lake halibadiliki kwa sababu chombo hakitoi moshi. Anayehitaji kulipa kidogo kidogo aende kwenye murabaha. Amana Bank ipo tangu 2011, na benki nyingine zimefungua madirisha yake, kama CRDB na huduma yake ya Al Barakah tangu 2021. Tena kuna mtindo unaotuvutia kifiqhi: Kigali, kampuni ya Ampersand humuuzia dereva pikipiki bila betri, naye hubadilishiwa betri iliyokwisha kwa iliyojaa akilipia matumizi. Huo unafanana na ijara, na hatari ya betri kuzeeka inabaki kwa mwenye betri. Ukifika Mwanza tutautazama kwa makini. Suala la mke kuuza dhahabu yake ili mume apate gari, ambalo nalo limetufikia, hatulijibu gazetini. Wahusika waje ofisini wote wawili.

Yapo ya kusema kwa upande wa kungoja. Bei ya betri duniani imeshuka kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 2010, na inaendelea kushuka. Kila mwaka magari ya betri kubwa yanazidi kuingia soko la mitumba. Anayenunua leo anauziwa kwa bei ghali kitu ambacho mwaka kesho kutwa kitakuwa bora na rahisi. Hii ni hoja ya kweli, na karibu itushinde: katika kikao cha tano wajumbe sita kati ya kumi na mmoja walielekea kuziacha fedha benki kwa miaka mitatu tukisubiri.

Mwenyekiti aliona si vizuri kuamua bila kuwasikiliza waliochanga zaidi. Akaitwa kiongozi wa kikundi cha kina mama, bibi mmoja aliyeuza vitumbua miaka miwili kwa ajili ya mfuko huu. Alikaa, akasikiliza karatasi ya ustadhi na hesabu za mhazini hadi mwisho. Kisha akasema, "Wanangu, nimewaelewa. Gari linalokuja ni zuri kuliko lililopo. Ila nataka kujua, hiyo miaka mitatu mnayongoja, ni nani anangoja? Ninyi mna pikipiki zenu. Anayengoja ni yule aliyelala ndani na nzi wameshaanza."

Hakuna aliyemjibu upesi. Mwenyekiti alisema tu, "Umesema kweli, Bibi," na tukaswali Magharibi.

Tulichokiona baada ya hapo ni kwamba tulikuwa tumeyachanganya maswali mawili. Kama chombo cha umeme kitakuwa bora, jibu ni ndiyo, na hatuoni sababu ya kubishana. Lakini kama fedha iliyotolewa kwa dharura ijulikanayo inaweza kukaa benki ikingoja bei ishuke, jibu ni hapana, kwa sababu bei haitaacha kushuka, na kila mwaka kutakuwa na hoja ile ile ya kungoja mwaka mmoja tena. Faida ya kungoja ingeingia kwenye daftari letu, na hasara yake ingelipwa vijijini, na watu ambao hawakuwamo kikaoni.

Basi tumeazimia hivi. Inanunuliwa Hiace ya mafuta iliyokwisha tumika hapa nchini, ambayo fundi yeyote wa Tarime au Mugumu anaijua na spea zake zinapatikana Musoma. Haitazidi fedha iliyopo, na itabaki kiasi cha matairi na bima. Kila familia itakayohudumiwa na ina uwezo itachangia mafuta tu. Isiyo na uwezo haitaulizwa. Ustadhi alitaka iandikwe katika muhtasari kwamba kamati haijaukataa umeme, na imeandikwa. Tutalirudia jambo hili siku ambayo kutakuwa na fundi wa magari ya umeme asiye mbali zaidi ya Mwanza, na gari la betri kubwa litakapofika kwa bei isiyotuzidi, na daftari la muadhini litakapokuwa na kurasa tupu. Amepewa jingine jipya, aendelee kuandika.

Pia tumepata mahali ambapo umeme unatufaa sasa hivi. Yupo mwalimu anayezunguka madrasa zetu nne kwa pikipiki, siku zile zile, njia ile ile, na kila jioni analala hapa mjini ambapo kuna soketi. Safari yake inajulikana kuliko hata ya watalii. Fedha ya pikipiki hiyo haitatoka kwenye daftari la jeneza hata senti moja. Kijana mmoja wa Sirari na ndugu zake wameahidi kuitoa kama sadaka yao, na wameomba iwe ya umeme. Wamekwisha ambiwa waulize kwanza kuhusu betri.

Hiace itakaguliwa Jumamosi ijayo, inshaAllah, na mafundi wawili tofauti, mmoja wa kwetu na mmoja asiyejua ni ya nani. Kina mama wameleta maombi mawili: pazia liwe la kijani, na kiti kimoja cha nyuma kisiondolewe, ili mwanamke aliyefiwa apate mahali pa kukaa na mtoto wake.